Utumbo Kwenye Kisahani Changu

Mke wa Kondo alinipigia simu mwezi uliopita, asubuhi, nikiwa nasugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. "Kalunde, mtani wako katutoka," akasema. "Tunazika kesho baada ya adhuhuri. Njoo utufanyie kazi yako, maana huku watu wanalia tu, hakuna wa kutuchekesha." Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, tangu babu zetu Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na meno ya tembo begani na kupita katika nchi ya babu zao. Mtani akifa, mtani mwenzake huenda msibani kumtukana marehemu, kudai vitu, kuzuia jeneza mlangoni, na wafiwa hucheka huku machozi yanawatoka. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa naitiwa. Nikamjibu kwamba kazini hawajanipa ruhusa. Ulikuwa uongo, ruhusa sikuiomba. Sikwenda kwa sababu sikuwa mtani wa Kondo tena, na aliyeukata utani ule ni mimi, kwa barua iliyopigwa chapa vizuri, isiyo na kosa hata la nukta. Nimejaribu kuuandika mwaka wa barua hiyo mara nyingi, na kila mara nimejikuta naufanya msafi kuliko ulivyokuwa. Safari hii nauacha na uvundo wake.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimepanga chumba mtaa wa Gongoni kwenye nyumba ya Bi Zuwena, mjane wa Kiarabu aliyeuza udi na vitambaa barazani kwake. Dirisha langu lilitazama choo. Wapangaji watano, choo kimoja, ndoo moja, na kopo lenye utelezi wa kijani mdomoni ambao niliusugua kwa majivu kila Jumamosi na kufikia Jumatatu ulikuwa umerudi. Kuta hazikufika kwenye bati, kwa hiyo nilisikia kila kitu: jirani akikohoa na kutema kwenye mfuko wa nailoni, mkewe akimuuliza kama hiyo ni damu au mchuzi, na Bi Zuwena uani akimwambia mgeni wake, "Huyu msichana wa Sikonge atanimalizia kisima. Ananawa kabla ya kula, ananawa baada ya kula, akishika kitasa ananawa. Sijui kwao walimzaa ndani ya beseni la sabuni?" Mgeni akacheka mpaka akapaliwa. Mimi nilikaa kitandani, mikono mapajani, vidole vimepasuka kwa sabuni ya mche, nikasubiri mgeni aondoke ili nitoke nikanawe.

Mchana nilipiga chapa kwenye duka la fotokopi karibu na soko. Hakuna aliyenifundisha. Niliiga barua za wateja mpaka nikazijua kama sala: anwani juu kulia, YAH kwa herufi kubwa na mstari chini yake, aya fupi, sahihi, na mwisho kabisa, pembeni kushoto, neno Nakala. Nikikosea herufi moja nilichana karatasi nikaanza upya, hata kama mteja amesimama mlangoni anasema inatosha, dada, ni barua ya shamba tu. Nilikuwa mtu wa namna hiyo. Bado niko hivyo. Tofauti ni kwamba sasa najua tabia hiyo inavyonuka.

Jioni nilikwenda bustanini kurusha visahani. Mchezo wenyewe uliletwa na kijana mmoja mgeni aliyekuja kufundisha michezo kanisani. Alichora vikapu kwenye karatasi, mafundi wa kuchomelea wakavitengeneza kwa ringi za baiskeli na minyororo, akavisimika tisa kwenye bustani ya mji, kisha mkataba wake ukaisha akaondoka. Vitatu viling'olewa vikauzwa chuma chakavu. Vikabaki sita. Unasimama kwenye jiwe, unarusha kisahani cha plastiki, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena, mpaka kining'inie au kitumbukie kwenye minyororo. Mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Kwenye video za simu niliona watu wakicheza kwenye majani yaliyokatwa kama zulia. Kwetu kikapu cha kwanza kilisimama mbele ya ukuta ulioandikwa USIKOJOE HAPA, na chini ya maandishi hayo ardhi ilikuwa nyeusi na laini kwa mikojo. Cha tatu kilikuwa chini ya miembe, na msimu wa maembe mtu alikanyaga uji wa njano wenye funza. Cha nne kilipakana na mtaro uliopokea maji ya choo cha baa iliyo nyuma. Cha tano kilitazama jalala, ambako kunguru na mbwa waligombea nepi za watoto. Nilikuwa na kiroba changu cha vitambaa. Kila kisahani kilichogusa chini nilikifuta kabla ya kukirusha tena, na nikirudi nyumbani nilikiosha kwa sabuni na maji ya moto, nikakikausha kwa taulo langu la uso.

Kondo alikuwa na bucha ng'ambo ya barabara, likitazamana na bustani. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mfupi, kitambi kimetangulia, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufundishwa mchezo ule, kwa kuwa mgeni alikuwa akinunua nyama kwake. Alikuja kucheza akitoka moja kwa moja kwenye gogo la kukatia. Mikono yake! Damu iliyoganda kwenye mikunjo ya vidole, mafuta chini ya kucha, na nywele za mkono zimeshikamana kama za ndama aliyezaliwa sasa hivi. Alitema mate kabla ya kila mrusho. Alirusha bila kupima hatua, bila kutazama upepo, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa, na kisahani kikapita kati ya matawi kikaingia kwenye minyororo. Mimi nilikuwa nimejifunza mkao wa mguu, mzunguko wa kiuno, namna ya kuachia kidole cha shahada. Nilirusha mara mia mbili kila jioni mpaka malengelenge yakapasuka. Alinishinda kila siku, na kila aliponishinda alinipa mkono, na mimi nikaupokea kwa ncha za vidole.

Siku ya kwanza nilipomwamkia, alinitazama kutoka juu mpaka chini.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi."

Akapiga kofi kwa furaha. "Alaa! Mpagazi wangu! Sasa mzigo umeuweka wapi? Babu yangu alikutuma na pembe mbili, naona umekuja na kimkoba." Akakivamia kiroba changu, akapekua vitambaa vyangu safi kwa vidole vile, akatoa chapati niliyokuwa nimeifunga iwe chakula cha jioni. "Hongo," akasema huku ameshaimega. "Msafara haupiti kwa Mzaramo bila hongo. Hukuambiwa kwenu?"

Niliambiwa. Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba mtani akichukua kitu chako hukasiriki. Unachukua chake, au unamtukana zaidi ya alivyokutukana, na watu wanapata cha kucheka. Lakini mimi sikuwahi kuwa na jibu la papo kwa papo. Majibu yalinijia saa mbili baadaye, chumbani, nikiwa naosha kisahani. Nilinunua daftari kwa ajili yake. Niliandika: Nyinyi Wazaramo mnacheza ngoma mwezi mzima mpaka shamba linaota nyani. Nikafuta "nyani," nikaandika "magugu," nikarudisha "nyani." Kesho yake nilikwenda nimelikariri, na Kondo alipodai hongo nililisema, kwa sauti ya mtoto anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi. Alicheka kwa ukarimu mkubwa. "Nyani hao walikuja wakawakuta Wanyamwezi wamelala njiani na mizigo yetu," akasema, "wakadhani ni ndugu zao." Waendesha bodaboda waliokuwa wamekaa ukutani wakaanguka kwa kicheko. Mimi nikainama nikakifuta kisahani changu.

Nikitazama nyuma naona kwamba mtu huyo ndiye pekee aliyenitafuta katika mji ule. Nisipofika siku mbili alimtuma mtu dukani aulize kama mpagazi kakimbia na mzigo. Aliniita kwake Ijumaa moja. Chumba chao cha mbele kilikuwa na mkeka, televisheni iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na harufu ya nyama iliyokolea mpaka kwenye mapazia. Mkewe alileta sinia moja la wali, na katikati yake utumbo wa mchuzi wa nazi. Tulinawa, Kondo kwa kumwagia maji vidole tu, kisha akachovya mkono wote, akachambua kipande kinono cha utumbo, kile chenye vinyweleo kama taulo, akakiweka upande wangu. Ndiyo heshima ya mwenyeji kwa mgeni. Mimi niliona kucha yake ikipita kwenye wali wangu. Nilitia tonge mdomoni nikalishikilia shavuni, nikatabasamu, nikaomba kwenda uani, nikalitema nyuma ya banda la kuku. Niliporudi nilimsikia mkewe akimwambia kwa sauti ya chini, "Ana kinyaa, mwache." Naye akajibu, "Babu yake alizoea kula peke yake njiani. Mpe sahani yake na kijiko." Nikapewa sahani na kijiko. Hakuna aliyelitaja tena jambo hilo. Nilijichukia njia nzima hadi Gongoni, na nilipofika nikapiga mswaki mara tatu.

Nilimshinda mara moja tu katika mchezo wa haki, Jumapili moja mwishoni mwa kiangazi, nikitokea kanisani. Nilikuwa nimeagiza kisahani cheupe kutoka Dar, kidogo, kizito ukingoni, cha mrusho wa mwisho karibu na kikapu, na nilikuwa sijakiruhusu kugusa ardhi ya bustani ile kwa wiki mbili. Kwenye kikapu cha sita nilikirusha nikiwa mbali, kikashuka pole pole kwenye minyororo na sauti yake ikawa kama sarafu zinamwagika. Kondo aliruka. Alishangilia kuliko mimi. Akakimbilia kikapuni, akakitoa kisahani changu, akakibusu kwa mdomo ule uliotoka kutema, kisha akakitia ndani ya shati, kwenye jasho la kitambi chake. "Nimekiteka!" akapiga kelele. "Waambieni Wanyamwezi wote, pembe imetekwa! Njoo uikomboe buchani!" Akavuka barabara anakimbia, viatu vya kandambili vinampiga visigino.

Nilisubiri mpaka Jumatatu jioni. Nilijiambia kwamba atakirudisha. Nilipokwenda, bucha lilikuwa limejaa watu wa kununua nyama ya jioni, na kisahani changu kilikuwa dirishani, juu ya gogo, kimejaa utumbo mbichi. Kimewekwa kama sahani ya maonyesho. Utumbo wa kijivu, mabaki ya majani yaliyotafunwa na ng'ombe bado yamo, maji ya kijani yametuama ukingoni, na nzi wametulia juu yake wanasugua miguu. Niliona mikwaruzo ya kisu kwenye plastiki nyeupe. Kondo alinyanyua mikono miwili myekundu. "Jamani, mwenye mali kafika! Haya, mpagazi, umeleta nini? Jogoo? Dada yako?" Watu wote waligeuka kunitazama, na nyuso zao zilikuwa zimeshajiandaa kucheka. Mama mmoja wa Kinyamwezi aliyekuwa mbele yangu alininong'oneza, "Nyakua hilo paja la mbuzi ukimbie, mwanangu, mimi nitamzuia." Paja lilining'inia kwenye ndoano, hatua moja kutoka kwangu. Kila kitu kilikuwa tayari. Ningelinyakua, angenifukuza hadi katikati ya barabara akiniita mwizi, mtaa mzima ungelisimulia hilo mwaka mzima, na mimi ningekuwa mtu wa pale.

Nikatapika. Si sana, mdomo mmoja, kwenye sakafu ya bucha. Kisha nikalia. Kondo alishusha mikono. "Kalunde," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu. Nikatoka.

Barua niliiandika kesho yake dukani, wakati wa chakula cha mchana. Niliirudia mara saba. Kwa Afisa Mtendaji wa Kata. YAH: KUCHUKULIWA KISAHANI CHANGU BILA RIDHAA NA HALI YA UCHAFU KATIKA BUCHA. Kichwa cha kwanza kilikuwa na kisahani tu. Uchafu niliuongeza kwenye rasimu ya nne, kwa sababu aya moja ilionekana pungufu, na kwa sababu nilipoanza kuielezea mikono yake maneno yalikuja yenyewe, mazuri, kwa mpangilio, kama hayakuwahi kunijia mbele yake. Niliandika damu, kucha, mate. Niliandika hata lile tonge la wali. Nilipomaliza nikaona chini ya sahihi pako patupu, barua haijakaa sawa, nikaongeza: Nakala: Bwana Afya. Sikumwazia bwana afya. Niliitazama karatasi kwa mbali, nikaona sasa imetimia. Na kwa kuwa nakala iliyoandikwa lazima ipelekwe, nikaipeleka kwanza, ofisi yake ikiwa karibu zaidi, wakanigongea muhuri.

Mtendaji alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliisoma yote, akaivua miwani.

"Wewe kabila gani, mwanangu?"

"Mnyamwezi."

"Na Kondo ni Mzaramo." Alianza kutabasamu. "Sasa mbona umeleta utani ofisini? Chukua jogoo ukakomboe kitu chako. Au huna jogoo? Nikuazime wangu?"

"Mimi sitaki utani, mama. Nataka haki yangu."

Tabasamu likabaki nusu. "Umekasirika kweli? Kwa mtani?" Akanitazama kama mtu aliyeona kidonda mahali pasipostahili kidonda. "Basi hii naichana, nawe nenda nyumbani, hasira zitatulia, hutamwambia mtu."

"Nakala imeshafika kwa bwana afya."

"Nakala ya nini?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akavaa miwani, akasoma neno lile. "Imeandikwa vizuri sana," akasema. "Hakuna hata pa kukosoa."

Bwana afya alikuta alichokuta: wavu uliotoboka, gogo lenye nyufa, ndoo bila mfuniko. Angekikuta kwenye mabucha yote ya mji ule. Lakini barua yenye muhuri ilitaja moja, kwa hiyo akafunga moja, wiki mbili. Nyama iliyokuwemo ilimwagiwa mafuta ya taa na kufukiwa jalalani, karibu na kikapu cha tano. Mbwa waliifukua usiku huohuo. Siku nne bustani ilinuka mzoga na mafuta ya taa, na mimi nilikwenda kila jioni kufanya mazoezi, nimejifunga kitambaa puani, peke yangu. Waendesha bodaboda walihamia ukuta wa pili.

Mwisho wa wiki ya kwanza Kondo alikuja na mkewe nyumbani kwa Bi Zuwena. Alivaa kanzu na kofia, amenyoa ndevu. Nilimwamkia kwenye baraza, na mwili wangu wote ukasubiri kuulizwa mzigo uko wapi.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Hujambo? Kazi zinaendaje?"

Aliketi kwenye ukingo wa kiti. Alitoa kisahani kilichofungwa kwenye karatasi ya kaki, kimeoshwa kwa dawa ya madoa mpaka kikawa na harufu ya hospitali. "Nimekuja kukuomba radhi," akasema. "Mimi nilidhani tunataniana. Nilikosea, nisamehe." Hakukuwa na kejeli hata chembe, niliitafuta usoni mwake kwa tamaa. Mkewe alitazama sakafu. Nikasema nimemsamehe. Alinishukuru, akaukataa uji wa Bi Zuwena kwa adabu, wakaondoka. Kupitia ukutani nilimsikia Bi Zuwena akimuuliza jirani, "Kamfanya nini yule Mzaramo? Amekaa mbele ya mtoto mdogo kama yuko kwa wakwe."

Bucha lilipofunguliwa nilivuka barabara mwenyewe nikamwomba tucheze. Nilikuwa na daftari lote kichwani. Nilikuwa nimeandika matusi arobaini, mengine makali kweli, na nilikuwa nimeapa kwamba akifungua mdomo tu ningemmwagia yote, kwa mpangilio wowote, kwa sauti yoyote. Nilibeba na chapati, mbili, nikaziacha juu ya kiroba zinaonekana. Alizitazama, akatazama pembeni. Nikamwambia, "Wazaramo siku hizi mnaogopa chapati?" Akatabasamu vile mtu mzima anavyomtabasamia mtoto wa jirani. "Kula, mwanangu, nimeshiba," akasema. Tulifika kikapu cha kwanza. Mkojo wa watu ulinuka vilevile ukutani. Kisahani changu cheupe nilikuwa nimekishika, nikamnyooshea nikamwambia arushe yeye kwanza, kwa hicho changu.

Hakukipokea. Alimimina maji kutoka kwenye dumu dogo alilokuja nalo, ambalo sikuwa nimeliona, akatoa na kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye nailoni. Akanawa. Alinawa polepole hadi kwenye viwiko, akapitisha kijiti chini ya kila ukucha, akasuuza, akanawa tena mara ya pili. Kisha akaninyooshea mikono yote miwili, viganja juu, akavigeuza ili nione na upande wa pili, na akasimama hivyo maji yakimdondoka, anasubiri.

Na mimi nikaikagua.